Kifusi cha Mabanda ya Kuku

Wewe unayesoma hapa, uligeuza uso. Usikatae. Ulimwona Cleophus Gates mlangoni mwa duka la dawa, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, kaunyanyua juu kama mtu aliyeapishwa kisha akasahauliwa, nawe ukaanza kutafuta mfukoni kitu ambacho hukukipoteza. Kama hukumwona yeye, ulimwona mwenzake huko kwenu, kwenye benchi la hospitali, kidonda kinanuka na dawa ya tatu imeshindwa. Ulisema pole moyoni ukapita. Jioni ukala kuku. Basi leo utakaa hapa usikilize habari ya nyumba moja, watu wawili na mlima mmoja. Sikuombi. Umeshapita mara nyingi mno.

Siku jambo hili lilipoanza kuharibika, Bi Verlene, mkewe Cleophus, alikuwa jikoni anaoka udongo.

Ule udongo mweupe mnaoujua nyinyi, wanaoutafuna wanawake wenye mimba na wasio na mimba pia, sisi wa vilima vya Mississippi tunao wetu. Unatoka kwenye ukingo wa mlima ulio ng'ambo ya barabara, pale kaunti ilipoukata mlima zamani ili ipitishe lami. Bi Verlene huchimba ndani, akipita tabaka la juu lenye mizizi. Huuponda, huuchekecha, huunyunyizia siki na chumvi, huutandaza kwenye sinia na kuutia kwenye oveni mpaka nyumba nzima inuke kama vumbi lililopigwa na manyunyu. Ukipoa huutia kwenye mfuko na kuupeleka posta. Ndugu waliokimbia pamba wakaenda Chicago na Detroit walikufa wakiuagiza, na watoto wao bado wanauagiza. Mbichi haupelekwi kwa mtu. Ukimpa mgeni udongo mbichi, ni kama umempa unga mkavu ukamwambia karibu ugali.

Mgeni wa safari hii alikuwa Daktari Maren Aldrich wa chuo kikuu. Walikutana wodini. Daktari alikuwa akizunguka vitandani kuchukua usaha wa wafanyakazi wa kiwanda cha kuku, maana vijidudu vilivyowakamata vilikuwa vya namna moja, na vyote vilikuwa vimeshazoea dawa. Alimwona Bi Verlene ameketi kando ya mumewe anatafuna kitu cheupe, akauliza ni nini, akaomba kuuona mlima wenyewe. Alipofika ukingoni alichota udongo kidogo tu na kuuweka kwenye kichupa. Baada ya wiki chache alipiga simu. Ndani ya udongo ule kulikuwa na kijidudu kinachotoa kitu, na kitu hicho kiliwaua wale sugu waliotoka kwenye mkono wa Cleophus na mikono ya wenzake. Kwenye kisahani cha maabara waliacha duara tupu, safi, kama uwanja uliofagiliwa.

Lakini kijidudu chenyewe kilikufa kabla hajakikuza tena. Kikifa hivyo, ni kama hukukiona kamwe, hakuna mtaalamu atakayekusadiki. Alihitaji udongo mwingi zaidi, na aliuhitaji upesi, kwa sababu madiwani wa kaunti walikuwa wamepanga kupiga kura. Walitaka kumuuzia mkandarasi mlima wote uwe kifusi. Kampuni ya kuku inajenga mabanda mapya kule bondeni, na mabanda hayajengwi kwenye tope, lazima yainuliwe. Daktari aliahidi kwamba akipata jibu lilelile mara ya pili atakuja mwenyewe mbele ya madiwani, aseme mlima usiguswe. Bi Verlene akauliza autume vipi. Daktari, ambaye wakati ule alikuwa anaendesha gari na kutafuta njia ya kutokea, akamjibu autume kama anavyowatumia ndugu zake.

Ndiyo maana oveni ilikuwa inawaka.

Earnestine, dada yake Cleophus, alikuja kuazima sukari, akavuta harufu na kucheka. Wifi huyu haingii nyumba ya mtu bila kuacha mwiba.

"Wazungu wakianza kula udongo," alisema, "ujue sukari wameimaliza."

"Hawaendi kuula, wifi. Wanaenda kuupima."

"Wanaupima nini? Uzito? Miaka yote mimi nautafuna, mbona sijawa daktari?"

Cleophus alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono juu ya mto. Vidole viwili havikuwapo tena, daktari wa upasuaji alivikata majira ya kuchipua. Alimwambia dada yake amwache mke wake apike, kwa kuwa katika nyumba hii sasa kuna mtu mmoja tu mwenye mikono miwili. Earnestine aliacha kucheka. Akachukua sukari yake na kuondoka, na pale mlangoni akamgusa kaka yake begani, jambo ambalo si kawaida yake.

Bi Verlene alichagua mapande meupe kuliko yote. Yenye mstari wa kutu aliyaweka kando. Aliongeza siki kidogo kuliko anavyowawekea wa Chicago, maana huyu alikuwa mtu aliyesoma.

*

Kiwanda nacho kilituma mtu. Alikuwa msimamizi wa zamu, kijana mwenye shingo nyekundu, akiwa na kikapu cha matunda kilichofungwa kwa utepe. Hakuvua kofia. Alimwita mwenye nyumba "Cleophus" na mkewe "Verlene", watu wenye umri wa wazazi wake, akaketi bila kukaribishwa. Alieleza kwa upole kwamba kiwanda kimechunguza na kuona hapana ushahidi kwamba jeraha lilitokea kazini. Huenda Cleophus alijikata nyumbani. Ikiwa atakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa, kiwanda kitamsaidia kwa moyo wa kibinadamu.

Cleophus alimgeukia mkewe.

"Verlene," alisema, "nenda kaangalie kule chumbani. Kuna mashine ya kukata mapaja ya kuku humu ndani na hukuniambia."

Kijana yule alisema hakuna haja ya mzaha. Cleophus akamjibu kwamba si mzaha. Amefanya kazi kwenye mstari ule wa kukatia kuku tangu kijana huyu anavaa nepi. Kisu kilimpata saa ya kazi, damu yake iliingia kwenye maji ya kuku, na mashine haikusimamishwa. Alifungiwa kitambaa akarudishwa mstarini. Wenzake watatu wameugua ugonjwa huohuo. Mmoja amezikwa.

Ndipo Bi Verlene akauliza alilotaka kuuliza siku zote. Alitaka kujua kuku wale wanapewa dawa gani tangu vifaranga, na kama ndizo zilezile ambazo hospitali inampa mumewe nazo hazifanyi kazi. Kijana alisema hilo si la idara yake. Aliacha kikapu. Chini ya tufaha, peasi zilikuwa zimeoza, na nzi waliokuja kwa ajili ya peasi wakaenda kutua kwenye bandeji.

Juma lile hospitali ikasema dawa ya mwisho imeshindwa, na mkono utakatwa chini ya kiwiko kabla ugonjwa haujapanda. Daktari wa upasuaji alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine kwenye korido. Bi Verlene alimuuliza kama dawa ya ule udongo ingeweza kumsaidia mumewe. Alijua jibu. Daktari Aldrich alishamwambia bila kumficha kwamba kutoka kwenye kisahani mpaka kwenye chupa ya dawa ni miaka kumi ukiwa na bahati, na wengi hawana bahati. Mkono wa Cleophus haukuwamo kwenye hesabu. Waliokuwamo ni wale ambao bado wana vidole vyote na wanaripoti kazini asubuhi.

Cleophus alilitafuna neno hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Mwishoni akasema sawa, basi mlima usichukuliwe bure kama walivyouchukua mkono.

*

Mkutano wa madiwani ulifanyika ukumbi wa juu wa jengo la mahakama, na kiyoyozi kilikuwa kibovu. Mwenyekiti wetu ni Alvin Purvis. Ni shemasi. Jumapili humshika Bi Verlene mikono miwili na kumwita dada, na mkate wa mahindi wa Bi Verlene ameula kwenye kila msiba tangu alipoota ndevu. Wazee wetu walipigwa na kufukuzwa mashambani ili mtu mweusi kama yeye aweze kukalia kiti kile. Mimi hilo silisahau, ingawa yeye amelisahau. Siku ile alimwita Bi Verlene "mwananchi mwenye maoni", akamtengea dakika tatu.

Bi Verlene hakuzitumia. Alisema atamwachia daktari azungumze kwanza.

Daktari Aldrich alisimama akiwa amevaa koti licha ya joto. Alieleza vizuri kuhusu kisahani cha kwanza, na ukumbi ukatulia, hata mkandarasi aliyekaa nyuma na kofia yake magotini aliinua kichwa. Kisha daktari akavuta pumzi. Alisema kwa uaminifu lazima aongeze jambo jingine. Udongo aliotumiwa baadaye ameupima mara nyingi, kwa njia zote anazozijua. Hakukuta kijidudu kile. Kwa kweli hakukuta karibu chochote.

Purvis aliinama mbele. "Unataka kusema, Daktari, udongo ule umekufa?"

"Huo nilioletewa, ndiyo. Umekufa."

Mtu mmoja nyuma alicheka, na kicheko kikasambaa. Bi Verlene alisikia neno lile kama mtu anavyosikia mwanawe akitukanwa sokoni. Alisimama bila kupewa nafasi.

"Haujafa," alisema. "Niliutengeneza kwa mikono yangu. Niliuchekecha mara mbili. Nikautia siki na chumvi, nikauoka vizuri mpaka ukanukia. Hakuna atakayeniambia nilituma udongo mbaya."

Kinamama wa kanisani waliokaa mstari wa pili wakaitikia kwamba ndivyo, ndivyo hasa unavyotengenezwa. Hakuna aliyeona kosa. Mtu mmoja tu ndiye aliyeliona, naye alikuwa ameshika kipaza sauti, uso wake unageuka rangi ya ule udongo.

"Uliuoka?" Daktari aliuliza. "Kwa moto?"

"Sasa ningeuoka kwa kitu gani, Daktari? Kwa sala?"

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Daktari alimgeukia mwenyekiti na maneno yakaanza kumtoka kwa haraka. Alisema moto umeua kila kilichokuwa hai, kipimo chote cha pili hakina maana. Aliomba kura iahirishwe, apewe wiki moja tu achote udongo mbichi mwenyewe. Purvis alimsikiliza kwa adabu ya shemasi. Kisha akasema ameelewa kwamba wataalamu wametofautiana kuhusu mapishi, lakini kaunti haiwezi kuendeshwa kwa oveni ya mtu. Mabanda yataleta ajira. Mlima ni mlima tu, Mungu aliumba mingi.

Bi Verlene alimtazama. Alimkumbusha kwamba mkewe alipokuwa na mimba ya mtoto wa kwanza na hakuna chakula kilichokaa tumboni, udongo wa mlima ule ndio uliomtuliza, na ni yeye Alvin aliyekuja kuufuata, kofia mkononi. Purvis aligonga meza na kusema dakika tatu zimekwisha.

Walipiga kura. Watatu kwa wawili. Kura ya tatu ilikuwa ya shemasi.

*

Waliteremka mpaka uwanjani. Pale kwenye magari hasira ya Daktari ikapata mlango.

"Kwa nini hukuniambia kwamba unauoka?"

"Kwa nini hukuuliza?"

"Nani anaoka udongo wa maabara?"

"Uliniambia nikutumie kama ninavyowatumia ndugu zangu," Bi Verlene alisema. "Ungesema nikutumie kama ninavyowatumia maadui, ungepata mbichi."

Daktari aliegemea gari akafunika uso. Aliposema baadaye kwamba kosa ni lake, alimaanisha, na Bi Verlene alimsadiki, lakini kusadiki hakukumlainisha. Alimwambia kosa la daktari litamrudisha chuoni akafundishe. Kosa lake yeye Verlene litapakiwa kwenye malori.

Waliamua waende mlimani saa ileile, kabla giza halijaingia. Walikuta uzio. Nguzo zilikuwa zimechimbiwa, waya umevutwa, tangazo la kukataza kuingia limepigwa misumari, na saruji kwenye mashimo ilikuwa imeshakauka. Fikiria hilo kidogo. Saruji haikauki wakati watu wanateremka ngazi. Waliweka uzio kwanza, kura wakaja kuipiga baadaye ili sisi tupate pa kukaa na kupepea nyuso zetu.

Daktari alishika waya. Alisema hawezi kuvuka, chuo hakitapokea udongo atakaouchukua yeye kwa kuvunja sheria, watamfukuza na kisahani chake. Kesho yake angepeleka maombi ya kibali. Bi Verlene alisikiliza, kisha akauliza udongo wa dawa huchukuliwaje, hatua kwa hatua. Daktari akatoa vichupa kwenye gari, vyenye vifuniko vilivyofungwa. Akaeleza kwamba kijiko kipitishwe kwenye moto, kiachwe kipoe, udongo uchotwe ndani sana, usiguswe kwa kidole, usipigwe na jua, usitiwe chochote. Na usiokwe.

"Hilo la mwisho nimelisikia," Bi Verlene alisema, akavitia vichupa kwenye mkoba.

*

Bi Verlene alikuwa akingoja kibali alichokiomba Daktari. Kabla hakijaja, katapila ilikuja, asubuhi ileile aliyopangiwa Cleophus kukatwa mkono. Hospitali ilikuwa imeshaahirisha mara moja, ikasema haitaahirisha tena. Earnestine alikuja na gari lake kuwachukua. Bi Verlene alikuwa amevaa nguo ya safari, na mkoba begani. Walisikia mngurumo ng'ambo ya barabara, kisha mlio wa mti unaovunjika.

Bi Verlene alimwinamia mumewe kumfunga vifungo vya shati, na vidole vyake vikakosea kifungo cha pili, akaanza upya. Alimwambia Earnestine awashe gari, watachelewa.

"Verlene," Cleophus alisema. "Mkono huu wanaukata uwepo usiwepo."

"Ndoa yetu ina miaka arobaini. Siwezi kukuacha ukatwe peke yako."

"Nitakuwa nimelala. Utakaa kwenye korido unywe kahawa mbaya. Nenda ng'ambo."

"Na ukiamka?"

"Nikiamka nitauliza kama uliupata udongo. Usije ukaniambia kwamba ulikuwa koridoni."

Earnestine, mwenye mdomo ule, hakupata mwiba wa kuacha. Alifungua mlango wa gari, akamsaidia kaka yake kuingia, akamfunga mkanda kama mtoto. Bi Verlene alisimama mpaka gari likapinda kanisani. Kisha akavuka barabara.

Aliinua waya wa chini kwa mguu na kupita. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, goti moja bovu. Dereva wa katapila alimwona akazima mashine, akashuka, akawasha sigara. Hakutaka kumwaga damu ya mtu. Bi Verlene alipanda mpaka kwenye ukingo mweupe, akapitisha kijiko kwenye kiberiti cha gesi, akangoja kipoe, akachimba. Alitupa udongo wa mwanzo. Alichimba tena. Kichupa cha kwanza kikajaa, kikafungwa, akakiweka kwenye kivuli cha mwili wake. Cha pili. Alikuwa kwenye cha tatu gari la sherifu lilipofika.

Askari aliyeshuka anaitwa Lamarcus Stokes. Bi Verlene alimfundisha shule ya Jumapili, na mkewe Lamarcus ana mimba ya miezi saba, na mfuko wa udongo uliookwa uko kwenye droo ya jikoni kwao hivi sasa ninapoandika.

"Bi Verlene," alisema, "shuka, tafadhali. Usinifanyie hivi."

"Nimalizie hiki."

"Hiyo ni mali ya mkandarasi. Ukishakichukua, ni wizi. Kimwage uende zako, mimi sikukuona."

"Umeniona, Lamarcus. Ukitaka kuandika, andika kwamba umeniona."

Aliendelea kuchota. Askari alisimama na mikono kiunoni, akatazama barabarani, akatazama katapila, akatazama kila mahali isipokuwa kijiko. Simu yake ya upepo iliita, sauti ikamuuliza kwa nini kazi imesimama. Ndipo akapanda. Alimshika mkono taratibu sana, hilo namkubalia, akamteremsha, akamfunga pingu kwa mbele badala ya nyuma kwa sababu ya goti. Vichupa vitatu alivikusanya akavitia kwenye mfuko wa ushahidi.

Bi Verlene alimwomba jambo moja tu, asiviweke kwenye jua. Lamarcus aliviweka juu ya dashibodi.

Cleophus aliamka mchana bila mkono. Aliuliza alichosema atauliza. Earnestine akamwambia mkewe ameupata, vichupa vitatu. Hakumwambia viko wapi, wala kwamba mkewe yuko mahabusu. Cleophus alicheka kidogo, midomo imekauka, akalala tena.

Kesi haijasikilizwa. Bi Verlene ametolewa kwa dhamana, ameshtakiwa kwa wizi wa kifusi, na siku ya mahakama husogezwa mbele kila inapokaribia. Vichupa viko kwenye rafu ya dirishani katika ofisi ya sherifu, dirisha la upande wa magharibi. Daktari Aldrich ameandika barua, amekuja mwenyewe, amekaa kwenye benchi lao na sanduku la barafu mapajani. Anajibiwa kwamba kielelezo hakitoki mpaka hukumu itoke. Vilivyo hai ndani yake vinakufa polepole, au vimeshakufa, hakuna anayeruhusiwa kuangalia. Kiwandani mtu wa tano amekatwa na kisu, na kitambaa alichofungwa ni kilekile cha zamani.

Nusu ya mlima bado imesimama. Nusu, si yote. Malori hayafanyi kazi Jumapili, kwa kuwa Purvis yuko kanisani.

Sasa usiniambie Mississippi ni mbali. Kuku wa mtaani kwenu amemezeshwa nini tangu alipokuwa kifaranga? Hujui, kwa sababu hujauliza, na hujauliza kwa sababu unataka kula. Mlima wa kwenu unaochimbwa, ule unaoupita asubuhi, ndani yake kuna nini? Hajui mtu. Unapakiwa kabla mtu hajajua. Na siku kidonda chako kitakapokataa dawa, hakutakuwa na udongo wa kuchota, na wewe ndiye utakayesimama mlangoni mwa duka la dawa huku wenzako wakipekua mifuko yao.

Kwa hiyo inuka. Nenda kwa muuza kuku leo, umuulize amewapa kuku wake dawa gani, na akikataa kusema mrudishie kuku wake mbele ya wateja wote. Nenda kwa diwani wako umwambie mlima usiguswe mpaka upimwe. Akikupa dakika tatu, chukua saa nzima. Ukikuta uzio umeshawekwa, nenda na wenzako, muwe wengi kuliko pingu walizo nazo. Usimalize kukunja karatasi hii kwanza. Nenda sasa.